Bahati ya inchi moja

Kanzu ndiyo iliyonifichua. Ijumaa moja mwaka jana nilivaa nyeupe mpya niliyojishonea mwenyewe. Nilipotoka chumbani, Mama Salma akasimama na birika mkononi. "Baba Salma, hebu njoo hapa mlangoni kwenye mwanga." Akanishusha kope kwa kidole gumba, akanyamaza, kisha akaenda kuleta kioo.

Nina miaka 57, na zaidi ya thelathini kati ya hiyo nimekaa kwenye cherehani hapa Bondeni, Nakuru. Rangi nazijua. Ile ya machoni mwangu ninao uzi wake dukani, manjano ya haradali, hutumika kudarizi nembo za sare za shule.

Dalili zilikuwapo kitambo. Usiku mwili uliwasha mpaka nikawa najikuna mgongo kwa rula ya kukatia nguo. Mkojo ulikuwa kama turungi, na choo kimepauka kama chaki ninayochoria vitambaa. Lakini sikuumwa popote, na mtu asiyeumwa haendi hospitali. Nilipokwenda hatimaye, kliniki ya kwanza walinitibu malaria, ya pili taifodi, ya tatu wakaniambia ni vidonda vya tumbo. Sitawataja. Mjini hapa taifodi ni jibu la kila swali. Aliyeniokoa ni kijana wa kupiga picha za tumbo, aliyeona mirija ya nyongo imevimba akasema hii si ya dawa za kumeza, nendeni Nairobi.

Nairobi wakanipitisha kwenye mashine ya CT. Uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, kama inchi moja. Daktari bingwa wa upasuaji akaigeuza karatasi akaniangalia. "Mzee, una bahati."

Neno hilo sikulielewa, na nadhani ndilo lililonifanya niandike. Alinieleza kwamba uvimbe wa saratani ukiota kwenye kichwa cha kongosho huubana mrija wa nyongo, mtu akageuka manjano, akajulikana. Ukiota mkiani hukaa kimya mpaka umeshasambaa. Kati ya wagonjwa kumi, wanaofika upasuaji ukiwa bado unawezekana ni kama wawili, pengine pungufu. Kumbe ule muwasho wa usiku ulikuwa unaniitia msaada.

Upasuaji wenyewe huitwa Whipple, jina la daktari Mmarekani aliyeuelezea mwaka 1935. Daktari alinichorea nyuma ya fomu. Wanakata kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba, mfuko wa nyongo na kipande cha mrija wake, wakati mwingine na sehemu ya tumbo la chakula. Halafu wanaunga upya, mishono mitatu: kongosho kwenye utumbo, mrija wa nyongo kwenye utumbo, tumbo kwenye utumbo. Nikamuuliza swali la kifundi, ni upi unaokunyima usingizi? Akacheka. "Wa kongosho. Ni laini, halishiki uzi vizuri." Nikamwelewa kuliko alivyodhani. Shifoni ndivyo ilivyo: ukikaza uzi inachanika, ukilegeza unaacha mwanya.

Habari ya pesa nitaiandika siku nyingine. SHA, bima ya afya ya serikali, walilipa sehemu, tukachanga, na mashine yangu ya ovaloki ikapata mwenyewe mwingine.

Kwa muda wa saa saba nilikuwa thieta, siku mbili kwa wagonjwa mahututi. Nilizinduka nikiwa na mrija puani, miwili tumboni na mmoja wa mkojo. Kila asubuhi nesi alipima maji yaliyotoka kwenye ile ya tumboni. Siku ya tatu wakayapeleka maabara, na jibu likawa kwamba kongosho linavuja kidogo. Majimaji hayo kazi yake ni kumeng'enya nyama, na ukiyaachia ndani hayachagui nyama ya mbuzi na yako. Mirija ikabaki, nami nikabaki, siku kumi na tisa. Tumbo nalo likalala, maji tu yakawa hayashuki. Kila daktari aliyepita aliuliza kama nimetoa hewa. Siku ilipotoka, Mama Salma alipiga simu Nakuru kutangaza kama amezaliwa mtoto.

Kitanda cha jirani alikuwapo mzee wa Kakamega. Kovu lake na langu ni pacha, refu vile vile. Lakini yeye walimfungua, wakakuta saratani imeshafika kwenye ini, wakamshona bila kukata kitu. Aliponiuliza wewe walikutoa nini, nilisema "kidogo tu." Nilikuwa naona haya, kama mtu aliyekula akiwa amemfungia jirani mlango.

Nyumbani watu waliona nimepona kwa kuwa kidonda kilikauka. Shida ni kula. Sahani ndogo mara sita kwa siku, na pilau ya mafuta nikiionja tu choo kinaelea. Chakula sasa hakisagiki bila vidonge vya vimeng'enya, na vimeng'enya hivyo, nilikuja kuambiwa na mfamasia, hutolewa kwenye kongosho la nguruwe. Nilivitazama jioni nzima. Nikamwendea ustadhi. Akaniuliza kama ipo dawa nyingine, nikasema mfamasia hana. "Basi ni dharura, meza kwa bismillahi, na usimwulize mtu mwingine." Navimeza tonge la kwanza linapoingia mdomoni, maana nikichelewa ni kama sikumeza.

Majibu ya maabara yalikuja baadaye: kati ya tezi za limfu kumi na nne walizotoa, mbili zilikuwa na saratani. Nikapitishiwa dawa kwenye mshipa miezi sita. Bado watu wananiambia nina bahati, nami najibu alhamdulillahi, kwa sababu ni kweli na kwa sababu sitaki maneno mengi. Mwezi ujao narudi kupigwa picha.

Jana nilipunguza suruali zangu tatu kiunoni, inchi nne kila moja. Mwanafunzi wangu akachukua mkasi akate kitambaa kilichozidi kwa ndani. Nikamzuia. Nikakikunja, nikakipiga mshono mrefu wa kulegea, ule unaofumuka kwa mvuto mmoja.