Siku yangu kwenye grini za klabu ya gofu

Saa kumi na moja alfajiri mashine zinanguruma na taa zimewashwa. Wanachama wataanza kupiga saa moja na nusu, nasi lazima tuwe tumetangulia. Tunaanza na grini, vile viwanja vya nyasi fupi vinavyozunguka mashimo. Nyasi zake zinaachwa na urefu wa milimita 3 hivi, na kila siku tunabadili upande wa kukatia ili majani yasilale. Umande nao unaondoka humo humo. Jani likishinda na maji, kuvu wanapata makao.

Saa kumi na mbili natoboa mashimo mapya, kipenyo milimita 108, kipimo cha tangu karne ya 19. Bonge la udongo linalotoka hapo ndilo linaloziba shimo la jana. Likizama au likichomoza kidogo tu, mpira utapotea njia. Raha yangu ni kuchagua mahali: nikilificha shimo nyuma ya bunka, yaani dimbwi la mchanga, wapigaji wenye papara watapiga hesabu upya.

Saa moja kasoro, kipimo cha kasi ya grini: mpira ukienda mbali, grini ina kasi. Ni reli ya alumini yenye mfereji. Unaiinua polepole mpaka mpira ushuke wenyewe, halafu unapima futi ulizokwenda. Unarudia kutoka upande wa pili, unatafuta wastani. Aliyeibuni ni Edward Stimpson, baada ya kutazama mashindano ya gofu ya US Open ya 1935 pale Oakmont, klabu ya Pennsylvania, Marekani, iliyoanzishwa 1903. Aliona mpira wa mchezaji Gene Sarazen ukiteleza kutoka kwenye grini hadi bunkani, akashuku kasi imepita kiasi. Alibuni kifaa cha kuthibitisha malalamiko, na sasa klabu zinakitumia kutambiana!

Asubuhi iliyobaki ni reki, mchanga na chai.

Saa saba jua limekolea. Napita na mpira wa maji nikinyweshea mabaka makavu tu, maana ukilowesha grini nzima inakuwa laini na mizizi inabaki juujuu.

“Fundi, mbona leo grini nzito, mpira hauendi?” mwanachama mmoja ananiuliza.

“Nyasi zimechoka, mzee. Tumeziachia kidogo.”

Hajaridhika, na najua kesho kamati itasikia. Wiki ya mashindano nitawapa kasi ya futi 12. Siku za kawaida ni 10, hata wakinuna.

Saa tisa narudisha mashine bohari, visu vinoliwe.