Tulivuka Mississippi kwa Miguu

Nyumbani Tanzania ukisema unakwenda hifadhini, watu wanafikiria simba, gari la kufunguka paa na askari mwenye bunduki. Minnesota, jimbo la Marekani, wana hifadhi za aina nyingine, zinazomilikiwa na jimbo, ambamo unalipia gari kwa siku kisha unaachwa na miguu yako. Unaogelea, unavua, unaendesha baiskeli, unalala kwenye hema, na hakuna anayekufuata nyuma. Iliyo kongwe kuliko zote jimboni ni Itasca, iliyoanzishwa mwaka 1891, na ndiko nilikokwenda Julai na dada yangu, mumewe na watoto wao.

Kutoka Minneapolis ni mwendo wa saa nne hivi. Mashamba ya mahindi, vijiziwa, mashamba tena, halafu msitu unakufunika pande zote. Mji wa mwisho kabla ya kuingia ni Park Rapids. Hapo tulinunua barafu na dawa ya mbu, na dada akarudi dukani kuongeza chupa nyingine ya dawa. Mbu wa huku hana malaria, lakini ana ndugu wengi na wote wako kazini. Kuni hatukubeba. Sheria inakataza kuleta kuni hovyo hovyo kutoka mbali, kwa sababu ndani ya magome hujificha wadudu wanaoua miti, hivyo mafungu yaliyokaguliwa unayanunua huko huko. Tulibeba mkaa, maana shemeji hakubali nyama iliyochomwa kwa kitu kingine.

Wageni wengi huja kwa jambo moja: kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Itasca ndipo unapoanzia mto Mississippi. Kuna gogo limesimamishwa, limechongwa maandishi ya manjano yanayosema kwamba hapa, futi 1,475 juu ya usawa wa bahari, mto unaanza safari ya maili 2,552 hadi Ghuba ya Meksiko. Mbele yake pamepangwa safu ya mawe, na juu ya mawe hayo watu wanavuka wakicheka, wakiteleza, wakipigana picha. Maji yanakufika magotini. Wapwa zangu walivuka wakarudi, wakavuka tena, hadi mdogo akaniuliza, "Mjomba, huu ndio mto wenyewe, au bado hatujafika?"

Swali zuri. Mississippi pale ni kijito ambacho mtu mzima akipata nafasi ya kukimbia kidogo anafikiria kukiruka. Tena haumwagiki kusini kama unavyoiona ramani kichwani mwako: unaanza kwa kwenda kaskazini, unafika mji wa Bemidji, unazunguka mashariki, ndipo unakumbuka njia. Na mawe yale hayakujipanga. Zamani mlango wa ziwa ulikuwa kinamasi. Katika miaka ya 1930 vijana wa mpango wa serikali wa kutoa ajira wakati wa mdororo wa uchumi walipasafisha, wakajenga kizuizi cha mawe ili mgeni akute mahali panapofanana na chanzo cha mto mkubwa. Sikuona ubaya. Kinamasi kisingewafurahisha watoto hivyo.

Kibao kingine kinamtaja Henry Schoolcraft, Mmarekani anayehesabiwa kugundua chanzo hiki, aliyefika hapa mwaka 1832. Mimi ni mtu wa Mwanza, na habari za Mzungu kugundua ziwa tunazijua tangu shule ya msingi: Speke alisimama kwetu Agosti 1858 akaliona Nyanza, akalipa jina la malkia wake. Alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, mtu aliyejua kuongea na wenyeji ambao hawakuwa wamepotelewa na ziwa lolote. Schoolcraft naye aliongozwa na Ozaawindib, kiongozi wa Waojibwe, wenyeji wa asili wa huku, ambao walikuwa na jina lao la ziwa hili. Kabla yao tena kulikuwa na wawindaji waliochinja nyati hapa maelfu ya miaka iliyopita. Mifupa na zana zao zimechimbuliwa ndani ya hifadhi.

Jengo la wageni pale kwenye chanzo lina jina la Mary Gibbs, na kwangu habari zake zinashinda gogo lile. Sheria ya kuanzisha hifadhi ilipita bungeni kwa tofauti ya kura moja tu, na hata baada ya hapo makampuni ya mbao yaliendelea kukata. Waliweka bwawa, wakapandisha maji ili magogo yaelee, kingo za ziwa zikafurika na miti ikaanza kufa. Mwaka 1903 baba yake Mary, aliyekuwa msimamizi wa hifadhi, alifariki, naye akashika nafasi yake akiwa na miaka 24. Akaenda bwawani kuamuru milango ifunguliwe, mbele ya wanaume wenye silaha waliotishia kumpiga risasi atakayeigusa. Hakudumu kazini muda mrefu, lakini misonobari unayoiona leo, baadhi ina zaidi ya miaka 200, ilibaki kwa sababu ya watu wa ukaidi wa namna hiyo. Dada alisoma kibao mpaka mwisho, akamwambia binti yake: "Umeona? Miaka ishirini na nne. Wewe kutandika kitanda tu ni vita."

Wengi wakishapiga picha kwenye mawe wanaondoka. Wanaacha zaidi ya ekari 32,000 nyuma yao, na vijiziwa vinavyozidi mia. Nawashangaa.

Asubuhi iliyofuata tulikodi mitumbwi ya alumini na jaketi okozi za kila mtu. Hapo ndipo heshima ya familia iligeuka. Shemeji ni mtu wa Dodoma. Ni mhandisi, kila kitu kinachohusu gari au kompyuta tunampelekea yeye, ila mtumbwi hakuwa ameupanda maishani.

"Shemeji, kaa katikati, usisimame."

"Nimekaa, shemeji. Nimekaa kabisa."

Nilishika kafi nyuma, mpwa mkubwa mbele. Ziwa Itasca si kama Nyanza, ambako ukifika katikati ng'ambo huioni. Hili ni jembamba, limegawanyika mikono, na popote ulipo ufuko uko karibu. Kwenye maji mafupi mpunga mwitu ulikuwa umeshachomoza. Waojibwe huuvuna mwisho wa kiangazi wakiwa ndani ya mitumbwi: mmoja anasukuma kwa upondo, mwingine anapiga masuke kwa vijiti, punje zinaangukia ndani. Tai mwenye kichwa cheupe alikuwa juu ya msonobari mkavu, akitutazama bila hamu.

Halafu tukamkuta luni, ndege wa jimbo hili: kichwa cheusi, macho mekundu, mgongo wa vitone vyeupe, na kifaranga amepanda mgongoni. Anazama, unahesabu, unakata tamaa, anaibukia mahali ambapo hukutazama kabisa. Usiku ndiyo kelele zake. Mara anacheka, mara analia kwa sauti ndefu, na dada, aliyekulia Mwanza akisikia fisi wa hadithi tu, alifungua zipu ya hema kuuliza kama sote tumo.

Wavulana walivua. Mkazi wa chini ya miaka 16 hahitaji leseni, na wana ndoto ya wolai, samaki wa jimbo, ambaye hakutokea. Walipata vidogo vya kando ya gati, wakavirudisha. Mtu aliyezoea sato hawezi kuvipikia ugali.

Siku ya baiskeli siwezi kuisifia sana, ina vilima. Njia ya lami inapita kati ya chanzo na nyumba ya wageni ya Douglas, iliyojengwa 1905, maili sita hivi, kivuli mwanzo mwisho. Lakini mnara wa Aiton Heights usiukose. Ulijengwa kwa kulinda moto, una futi 100, ngazi zake ni za chuma na upepo unapita katikati. Juu unaona msitu na maji, msitu na maji, bila paa moja. Kabla ya kupanda, ingiza suruali ndani ya soksi: nyasi za njiani zina kupe wadogo wanaoleta ugonjwa wa Lyme. Kila jioni dada aliwakagua watoto kwa tochi, nyuma ya masikio na shingoni, na mimi pia, kwa amri.

Tulipokuwa tukirudisha mitumbwi, shemeji alimuuliza kijana wa pale kama majira ya baridi wanafunga. Kumbe hapana. Ziwa linaganda, watu wanatoboa barafu na kuvua wakiwa wameketi juu yake, wengine wanateleza kwa ski msituni.

"Basi Januari tunarudi," akasema shemeji, akivua jaketi okozi. "Hayo ndiyo maji yetu watu wa Dodoma. Hapo hata mkiniambia nisimame, nasimama."