Kanga ya Maua Makavu

Wazo lilitoka kwa shangazi, naye wala hakuwa akitafuta wazo. Alikuwa amekaa barazani, Lushoto, mwishoni mwa Aprili, mvua imekatika kidogo, akilitazama tuta la mbele ya nyumba: mstatili uliozungushiwa kosmosi fupi za rangi ya chungwa zikipokezana na viola za zambarau, katikati kichaka cha hidrenjia ya buluu. "Hili si tuta, hii ni kanga," akasema. "Pindo lile, mji ule. Imekosa jina tu." Harusi ya binti wa nyumba ile ilikuwa Julai, Tanga, na zawadi ilikuwa haijapatikana. Jioni ile ile ikaamuliwa: kanga ya maua yaliyokaushwa kwa kubanwa, ndani ya fremu ya kioo.

Vipimo vilikuwa rahisi kuliko tulivyotarajia. Kanga ya dukani huwa kama sentimita 150 kwa 110. Ukigawa kwa 2.5 unapata 60 kwa 44, ukubwa unaotosha ukutani. Pindo tuliligawa katika miraba ya sentimita 4: 15 kwa urefu na 11 kwa upana, jumla 48 kuzunguka. Hapa kuna jambo la kuangalia. Ukipokezanisha maua ya aina mbili, pande zote zikiwa na idadi ya witiri, pembe nne zote zinaangukia ua la aina moja. Upande mmoja ukiwa shufwa, pembe zinatofautiana, na jicho huliona kosa hilo kabla ya kuona kitu kingine. Basi kosmosi 24, viola 24. Zilikaushwa mara mbili ya hizo, kwa sababu ua kavu huvunjika hata kwa pumzi.

Kosmosi za tuta lile zilichanua vizuri kwa kuwa hazikupewa samadi. Udongo ukinona sana, kosmosi huota majani marefu na maua machache. Zilipofika kimo cha kiganja zilikatwa ncha ili zitoe matawi, na ndiyo maana kulikuwa na maua mengi madogo ya sentimita 3 na nusu, yanayoingia kwenye mraba bila kukunjwa. Yalichumwa kama saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka, na ni yale tu yaliyofunguka siku hiyo. Ua la jana lina chavua inayopukutika na kutia madoa ya manjano kwenye karatasi. Siku za manyunyu, vikonyo vilisimamishwa kwenye glasi ya maji ndani ya nyumba hadi petali zikakauka juu, ndipo yakabanwa.

Shida ya kubana maua wakati wa masika ni kwamba gazeti lenyewe lina unyevu. Kila karatasi ilipigwa pasi ya mkaa kwanza, ikaachwa ipoe. Kibanio kilikuwa vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 12, bolti nne pembeni, na nati zenye masikio zinazokazwa kwa vidole. Mpangilio wa ndani, kutoka chini: kipande cha boksi lenye mawimbi, magazeti matano, karatasi nyembamba iliyokunjwa na maua ndani yake, magazeti matano, boksi tena. Mawimbi ya maboksi yote yaelekee upande mmoja ili hewa ipite. Karatasi ya kufutia ya jikoni ilikataliwa tangu mwanzo, kwa kuwa vinundu vyake huchapika kwenye petali. Gazeti la kung'aa nalo halinyonyi maji.

Ile karatasi nyembamba haifunguliwi. Kinachobadilishwa ni magazeti ya nje tu: kila siku kwa siku tatu za kwanza, kisha kila baada ya siku mbili. Wataalamu wa mimea hukausha sampuli zao kwa namna hiyo, na milima ya Usambara imewazoea watu wa kazi hiyo tangu Wajerumani walipofungua taasisi yao ya utafiti Amani mwaka 1902. Anayefunua kila mara kuchungulia hupata petali zilizojikunja, kwani ua lililolegea nusu likiachiwa mgandamizo halirudi tena kunyooka. Na asiyebadilisha magazeti hupata ukungu kabla wiki haijaisha.

Kosmosi ina moyo mnene. Ukiibana hivi hivi, katikati inabeba uzito wote na petali zinabaki bila kubanwa, zinasinyaa. Dawa yake ni wembe: unakata unene wa nyuma ya ua, kisha unazungushia vipande vya karatasi vyenye tundu katikati mpaka vilingane na moyo. Hidrenjia haibanwi shada zima. Zinachambuliwa zile ua moja moja, na bora ni zilizokomaa ambazo zimeanza kuwa kama karatasi. Kujua kama ua limekauka, liguse na mdomo. Likiwa baridi, bado lina maji.

Katikati ya mji iliwekwa duara la kangaga, hidrenjia, na maua machache ya zambarau ya lile ua la Usambara, ambalo Waingereza huliita African violet. Hayo yalitoka kwenye chungu cha barazani, si msituni, ambako yamebaki machache. Mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, ndiye aliyelipeleka Ulaya mwaka 1892, na mwaka uliofuata likapewa jina la kisayansi kwa heshima yake. Majani yake yamejaa maji na hayafai kubanwa; maua yanafaa, ila magazeti yake yabadilishwe mara mbili siku ya kwanza.

Haibisiki nyekundu iliombwa na kila aliyepita. Haikuwekwa. Ina ute unaogandisha petali kwenye karatasi, na wekundu wake hugeuka rangi ya damu iliyokauka. Asumini nayo huwa kahawia. Aliyetaka wekundu alipewa bogenvilia, iliyo nusu kavu hata ikiwa mtini. Ondoa tu vile viua vidogo vyeupe vya katikati.

Likabaki jina. Herufi zilitengenezwa kwa vikonyo vyeusi vya kangaga laini, vyembamba kama uzi na vilivyonyooka, kwa hiyo methali zote zenye O, S, B na D zilianguka. Lilipita TULIA TUTAFIKA, vipande 31, U ikiwa na kitako bapa. Shangazi alilalamika kwamba ni maneno ya daladala. Akaambiwa alete jina lingine lisilo na mviringo, akakaa kimya.

Maua yote yalipangwa makavu kwanza, yakapigwa picha kwa simu, ndipo gundi. Gundi nyeupe ya maseremala, isiyoongezwa maji, tone la ukubwa wa kichwa cha pini nyuma ya moyo wa ua, kwa kijiti cha meno. Tone likizidi, petali hunywa maji na kujikunja upya. Pindo lilianzia pembe nne likaishia katikati ya kila upande, maana tofauti ndogo za ukubwa hufichika zaidi huko.

Tanga ni pwani, na hewa ya Lushoto haikuwa kipimo. Nyuma ya karatasi iliyobandikwa maua iliwekwa sponji nyembamba ili maua yagandamizwe kwenye kioo, pamoja na vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vikiwa vimekaushwa upya. Mgongo wa fremu ukazibwa kwa utepe wa alumini, mchana wa jua kali. Maagizo yaliyoandamana nayo: isitundikwe mkabala na dirisha. Mwanga ukiipiga, buluu ya hidrenjia huwa ya kwanza kufifia, chungwa huvumilia.

Bibi wa upande wa bwana harusi aliisoma, akaomba na yeye ya kwake, yenye HASIDI HANA SABABU. Kwa S, D na B inabidi kutumia mikono ya mpasheni, ile inayojizungusha kwenye waya. Hukatwa ingali mbichi, ikapindwa kwa umbo la herufi juu ya karatasi nyembamba na kubanwa papo hapo, kwani ikikauka haipindiki tena.