Faini ya Lubumbashi hulipwa benki: nilivyoacha kutoa pesa dirishani

Ninasimamia malori ya kampuni moja ya Dar es Salaam yanayoleta mzigo Lubumbashi. Gari likishatoka forodhani Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, mimi ndiye wa kulipokea, kulifikisha ghalani na kulitafutia vipuri likikwama njiani. Kwa kazi hiyo natumia Hilux yenye namba ya T na usukani wa kulia, katika nchi ambayo magari hupita mkono wa kulia. Sijafungua mdomo, tayari nimejulikana kuwa ni mgeni. Nasimamishwa sana. Lakini muda mrefu sasa umepita bila mimi kutoa noti dirishani, na nimeona niandike jinsi ninavyofanya, kwa sababu inaniuma kuona vijana wetu waliovuka Tunduma juzi wakisikia maneno mawili ya Kifaransa tu, mkono unakimbilia mfukoni.

Nianze na faili, maana huko ndiko mambo mengi yanakomalizikia. Nina faili la plastiki lenye leseni, kadi ya gari, cheti cha ukaguzi, karatasi ya forodha ya DGDA inayoruhusu gari kukaa Kongo kwa muda, pasipoti na Kadi ya Njano, yaani bima ya gari ya nchi za COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Kila karatasi ina nakala mbili. Askari akiomba nyaraka, nampa nakala kwanza, na zile halisi namwonyesha nikiwa nimezishika. Simfichi kitu. Shida ni kwamba leseni halisi ikishaingia mfuko wa shati la mtu mwingine, mazungumzo yote yanageuka kuwa ya kuikomboa.

Hiyo Kadi ya Njano ndiyo inayobishaniwa kuliko zote. Bima ya kuwalipa watu wengine ni lazima Kongo tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, na kwa miaka mingi shirika la serikali, SONAS, ndilo lilikuwa peke yake sokoni, mpaka sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilipofungua mlango kwa makampuni mengine. Kwa hiyo unaweza kukutana na askari anayetaka kuona karatasi aliyoizoea na si nyingine. Kuna mwingine alinisomea hoja nzito zaidi: Tanzania ilijitoa COMESA, kwa hiyo kadi yako haina kazi. Ni kweli tulijitoa mwaka 2000. Lakini Tanzania ilibaki ndani ya mpango wa Kadi ya Njano, na Kongo nayo imo. Siku hizi hoja hiyo ikija, namwonyesha askari pale kwenye kadi palipotajwa nchi inakotumika, namwachia asome mwenyewe. Anayekatia bima aangalie Kongo imejumuishwa kabla ya kuondoka Dar, kwa sababu kadi ambayo haijaitaja Kongo haitakusaidia ukifika huku.

Karatasi nyingine ambayo Watanzania wengi hawana ni ordre de mission. Huku karibu kila mtu anayesafiri kwa kazi anayo: ukurasa mmoja wa Kifaransa wenye jina la dereva, namba ya gari, anakotoka, anakokwenda na shughuli yake, una sahihi na muhuri wa mwajiri. Kwetu barua ya namna hiyo tungeiona mapambo. Hapa ule muhuri unamweleza askari kwamba nyuma yako kuna ofisi, na kwamba likitokea jambo kuna mtu atauliza. Nilimwomba bosi atengeneze moja kwa kila dereva.

Upande wa kuendesha kuna mambo ambayo ni makosa kweli, na usitegemee huruma. Sheria ya barabarani ya Kongo ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Unakaa kulia, mzunguko unauingia kwa kulia, na kwenye makutano yasiyo na alama anayetokea kulia kwako ndiye anayepita kwanza. Hilo la mwisho ndilo linalowaponza wageni mitaa ya katikati ya mji, kwa sababu mtu unajiona uko barabara kubwa na huyo anatokea kichochoroni, halafu yeye ndiye mwenye haki. Usiku kuna suala la taa. Taa za gari la usukani wa kulia zimetengenezwa kumulika ukingo wa kushoto, na huku kushoto kwako ndiko wanakotokea wenzako, unawapofusha. Nilipeleka Hilux kwa fundi akazishusha. Kwenye malori, utingo anakaa kushoto na kazi yake ni kuangalia mbele kabla dereva hajalipita gari lolote. Utingo akilala, dereva haruhusiwi kupita gari, hata kama mbele kuna baiskeli ya makaa. Hiyo ni amri yangu na siibadilishi.

Ukikaa kulia, dirisha lako ndilo linalotazama ukingo wa barabara. Askari hana haja ya kuzunguka gari, anakukuta hapo hapo. Mlango wa kushoto, ule wa abiria, ndio unaotazama magari yanayopita, nao naufunga kwa ndani kila ninapoingia mjini. Sababu ni kwamba mtu akishaketi ndani ya gari lako, mnaanza safari ambayo wewe hukuipanga.

Sasa niseme kilichonibadilisha. Kamalondo, hapa Lubumbashi, kuna mzee mmoja aliyestaafu ukarani wa mahakama, tumefahamiana kwa sababu ya fundi wetu anayepanga kwake. Jioni moja nikamlalamikia kuhusu faini za barabarani, kila mtu na bei yake. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: “Mutoto yangu, ule wa mu njia anaandika. Bei njo ya OPJ.” Halafu akanieleza taratibu kama anayefundisha darasani. Askari wa njiani anaona kosa na kuliandika kwenye PV, yaani hati rasmi ya maelezo ya kosa. Mwenye uwezo wa kupendekeza faini ya kumaliza shauri bila kwenda mahakamani ni OPJ, yaani afisa wa upelelezi, na uwezo huo anaupata kwenye sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya tarehe 6 Agosti 1959. Wanaiita amende transactionnelle. Ukikubali, unapewa note de perception, yaani hati ya kulipia, unaenda kulipa benki kwenye akaunti ya hazina, unarudi na risiti ya benki, shauri limekwisha. Pesa haipiti mkononi mwa mtu hata mmoja barabarani.

Nilimwomba aniandikie maneno hayo ya Kifaransa kwenye kikaratasi. Nikayakariri.

Haikuchukua muda nikayatumia. Nilikuwa natoka mjini kuelekea Kisanga, nikapigwa mkono na askari wawili. Mmoja akaja dirishani akatazama usukani, akaizunguka gari, akarudi. “Papa, iko infraction. Unalipa cinquante dollars, unaenda.” Dola 50. Nikazima gari, funguo nikaitia mfukoni, nikashuka. Nashuka kila mara, kwa sababu nimeona mtu mzima akisimama chini mnasalimiana, na ukibaki juu umejifungia unaonekana una dharau au una unachoficha. “Jambo, shefu, kazi inaendaje?” Tukasalimiana vizuri. Nikauliza kosa ni lipi. Akasema usukani. Nikamwonyesha karatasi ya DGDA: gari la nje, liko kwa muda, limeingia kwa njia halali. Akahamia kwenye bima. Nikatoa Kadi ya Njano. Akahamia kwenye leseni, kwamba ni ya Kiingereza. Nikatoa kibali cha kimataifa cha kuendesha, ambacho kina ukurasa wa Kifaransa.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema hata hivyo kosa lipo. Hapo ndipo nilipoyasema yale ya mzee, kwa sauti ya chini, mikono ikiwa nyuma: “Shefu, sikatai kulipa. Kama kosa lipo, naomba uliandike kwenye PV, twende kwa OPJ, nipewe note de perception nilipe benki. Kampuni yangu inataka risiti.” Mwenzake aliyekuwa pembeni akageuka kunitazama. Yule wa kwanza akaniambia kwamba ofisini nitachelewa, nitalipa zaidi, gari litalala. Nikajibu kwamba nina maji, nina simu, leo sina haraka. Na kweli sikuwa nayo. Tulikaa pale jua likatuhama. Waliendelea na kazi yao kwa magari mengine, nami nikaketi kwenye jiwe kivulini. Sikupandisha sauti, wala sikutoa simu kumrekodi mtu. Nasisitiza hilo la simu, kwa sababu nimeshuhudia jambo dogo likigeuka kesi mara tu kamera ilipoinuliwa. Mwishowe yule mwenzake ndiye aliyenijia, akanirudishia nakala zangu: “Papa, endako na safari yako.” Nikamshukuru kwa moyo, nikaondoka.

Hakuna PV iliyoandikwa kwa sababu hapakuwa na kosa la kuandika. Tangu hapo nimerudia maneno yale yale mara nyingi, na mara nyingi yamemalizika vivyo hivyo, wakati mwingine ndani ya dakika chache.

Lakini sitaki mtu afikirie kwamba maneno haya ni ya kukwepea faini. Mwaka jana kijana wetu mmoja alikamatwa na tela ambayo taa zake za nyuma zilikuwa zimekufa zote, usiku. Kosa halina mjadala, tela kama hiyo inaua watu. Alinipigia simu anatetemeka, ameshaambiwa bei. Nikamwambia: “Mdogo wangu, usitoe kitu, omba waandike, mimi nakuja.” Nikamkuta, tukaenda ofisini pamoja, lori limebaki chini ya ulinzi. OPJ alikuwa mama mmoja mtulivu sana. Alisoma PV, akamuuliza kijana kama anakubali kosa, akakubali. Faini ikatajwa, mtumishi wa DGRAD, idara ya mapato ya serikali, akatoa note de perception, na asubuhi iliyofuata tukawa mlangoni mwa benki kabla haijafunguliwa. Foleni, risiti, kurudi ofisini, nakala ya risiti ndani ya jalada, hati zikarudishwa. Fundi alikuwa ameshabadilisha taa pale pale lilipolala lori. Kiasi tulicholipa kilikuwa pungufu ya kile alichotajiwa barabarani.

Hapo nilimpenda yule mama. Aliandika kila kitu, akatusomea, akauliza kama tumeelewa, na sehemu ngumu akazirudia kwa Kiswahili.

Gharama iko kwenye muda, na hili ndilo lililonigombanisha na bosi. Lori kulala usiku mmoja ni hasara: mteja anasubiri, zamu ya kupakia shaba inapotea, dereva anakula posho. Bosi alizoea kumpa kila dereva fungu la pesa za njiani, lisiloulizwa, na alikuwa na hesabu yake kwamba noti ndogo ni nafuu kuliko siku nzima. Nikampigia hesabu nyingine. Hizo noti ndogo hutolewa kila kituo, kila safari, na dereva anayejulikana kwamba anatoa husimamishwa tena kesho na wenzake walioambiwa. Taa za tela zilizokufa nazo hubaki zimekufa, kwa sababu ni rahisi kulipia giza kuliko kununua balbu. Hilo la mwisho ndilo ninaloliamini zaidi. Faini iliyoandikwa inafika ofisini, mtu anaulizwa kwa nini gari liliondoka hivyo, na gari linatengenezwa.

Nyumbani tumeshalizoea jambo hili bila kulifikiria. Trafiki wa Tanzania anakuandikia faini ya shilingi 30,000, unapata namba ya kumbukumbu, unalipa kwa simu, umemaliza. Dereva yule yule anayedai namba ya kumbukumbu akiwa Chalinze, akivuka Kasumbalesa anadhani sheria imeishia mpakani. Haikuishia. Njia ya Kongo ni ndefu zaidi na ina karatasi nyingi, ila ipo, na wako maafisa wanaoifuata kwa uaminifu ukiwapa nafasi ya kuifuata.

Kuna nyakati ambazo sibishani. Usiku, mahali pasipo nyumba, watu wenye silaha ambao siwezi kuwatambua: hapo usalama wa dereva ndio wa kwanza, nami nawaambia vijana watoe wanachoombwa waondoke, tutazungumza baadaye. Ndiyo maana pia malori yetu hayaondoki Kasumbalesa jua likishashuka. Kilomita zile tisini na kitu hadi mjini zinasubiri asubuhi.

Bosi hatimaye alikubali kujaribu. Fungu la pesa za njiani limefutwa, badala yake kuna fungu la faini, na anayelitumia ni yule tu aliyeleta risiti ya benki. Dereva aliyelala kwa sababu aliomba kuandikiwa PV analipwa posho yake kamili na hakatwi kitu. Bila kipengele hicho mpango mzima usingesimama, kwa sababu huwezi kumwambia kijana asimame imara halafu umkate mshahara kwa kuchelewa. Kila lori sasa lina faili lake, ordre de mission mpya kwa kila safari, balbu za akiba, na kile kikaratasi cha mzee kimepigwa chapa kwa Kifaransa na Kiswahili, kimebandikwa ndani ya kioo cha jua juu ya dereva.