Kachumbari ilikuwa inafika ya moto

Wateja wa kuletewa walinilalamikia sana: kachumbari ya uvuguvugu, chipsi zimelegea. Nikalaumu boksi, nikanunua gumu zaidi. Wapi! Mvuke wa chipsi ulikosa pa kutokea, na ukuta mmoja wa karatasi kati ya chipsi na kachumbari hauzuii joto vya kutosha.

Nikakata kadibodi ya mawimbi, ile yenye hewa katikati (mpya, si ya boksi la sabuni!), nikaikunja iwe kuta mbili zenye upenyo wa kidole kati yake. Upande wa chipsi nikatoboa matundu manne chini kidogo ya kifuniko. Kachumbari naikamua kwanza, chumvi na ndimu nafunga pembeni. Jana oda ilikaa nusu saa kwenye foleni. Kitunguu kilifika bado kinalia kru-kru.