Atazoea tu

"Atazoea tu." Kiongozi wa timu yetu aliyasema Jumanne na mpaka leo yananizunguka kichwani.

Tulikuwa kwenye ukurasa wa mipangilio wa ile programu ya vikoba. Kuna swichi imeandikwa "Usitume arifa za marejesho". Ukiiwasha inakuwa kijani, na arifa ndiyo zimekatika. Nikamwambia, kaka, mwanachama akiona kijani ataamini mambo yako sawa. Atasubiri ukumbusho usiokuja, tarehe ya rejesho ipite, apigwe faini. Wala hakuinua macho kwenye kompyuta. "Dada, atazoea tu. Hayo ni maneno, tutayarekebisha baadaye."

Hayo ni maneno! Yule mama wa kikoba haioni kazi yote tuliyoifanya huko nyuma. Anachokiona ni hayo maneno. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kurahisisha matumizi ya tovuti na programu, aliliandika hili tangu 2004: maandishi ya kisanduku yaseme kitakachotokea ukiweka tiki, na ukanushi uepukwe. Uwashe ili ukatae, uzime ili ukubali, nani ana nafasi ya kupiga hesabu hiyo amesimama kwenye daladala? Nimemjibu hivyo nikisonga ugali, nikamjibu tena kwenye sendofu ya mdogo wangu (ilifana sana, picha zinakuja), wakati mwenyewe hayupo.

Jana sasa. Binti aliyekuja kwa mazoezi ya kazi alikuwa anaijaribu programu, akauliza kwa sauti, "Dada, hapa nimewasha au nimezima?" Kiongozi akasikia. Akaja akasimama nyuma yake, akaibonyeza ile swichi, akaibonyeza tena, kijani kinakuja, kinaondoka. Kimya. Halafu, "Ulitaka iandikweje?"

Nikampa: "Nikumbushe siku 3 kabla ya rejesho". Chini yake, kwa herufi ndogo: "Utapata meseji kwenye namba uliyojisajili nayo." Ukiwasha unakumbushwa, ukizima hukumbushwi. Akaisoma, akasema niupitie ukurasa wote, kila swichi. Jamani, nilifurahi! Nimeshinda nao leo kutwa nzima, na ule wa faragha ndio unaohitaji kazi zaidi, maana humo kuna "Usifiche salio".

Ila usingizi hauji. Mama alikuwa na kliniki ya presha leo, na tangu saa kumi jioni simu yake inaita tu. Shangazi naye hapatikani.