Njoo Tu, Nauli Tutaelewana Hukuhuku

Bei yangu ya kupiga picha, wateja huijadili bila aibu, nami hujibu bila aibu. Mzozo huja tukishakubaliana. Usiku, simu imeshatulia, unaingia ujumbe wa upole kabisa: "Dada, wewe njoo tu, nauli tutaelewana hukuhuku."

Hukuhuku ni Iringa, au Moshi, au Mbeya, na mimi niko Dar. Nikishashuka kwenye basi na begi la kamera mgongoni, sina tena cha kujadili. Bibi harusi yuko saluni, gari la maharusi linapambwa, na mweka hazina wa kamati anakimbizana na mtu wa vinywaji. Nani atakaa chini kuelewana na mimi saa hiyo? Nitapiga picha, nitakula pilau, nitaambiwa "wewe ni wetu sasa", na Jumatatu nitaanza kupiga simu zisizopokelewa.

Miaka yote hii nimezitazama sana daftari za kamati za harusi. Kuna mstari wa ukumbi, wa chakula, wa vinywaji, wa mapambo, wa MC na muziki, wa picha na video. Nauli ya mpiga picha haina mstari. Inategemea fungu la "dharura", na dharura huwa imeisha kabla harusi yenyewe haijafika, kwa sababu michango iliyoahidiwa haiji yote na keki imepanda bei. Sidhani kama wanakuwa na nia mbaya. Ila kisichoandikwa kwenye daftari lile hakipo, hata kama kimesimama mbele yao na tripodi.

Kwa hiyo kwa harusi sitaji nauli kabisa. Naandika kwenye profoma, ile karatasi ya bei ninayotuma kabla ya kazi: picha na video, pamoja na usafiri na malazi ya watu wawili kutoka Dar es Salaam, tarakimu moja. Kamati ijadili hiyo hiyo moja. Lazima atatokea mjomba wa kuuliza kwa nini wasichukue mpiga picha wa hukohuko. Swali la haki kabisa. Mara nyingine jibu langu ni kwamba wamchukue, na nawapa namba ya mwenzangu wa Moshi ambaye kazi yake naiamini. Wengine huniona mjinga kwa hilo, lakini huyo mwenzangu naye hunitupia kazi za Dar. Profoma zangu pia zina tarehe ya mwisho wa bei. Desemba 2023 LATRA, wanaopanga nauli, walipopandisha nauli za mabasi, wapiga picha waliokuwa wameahidi bei tangu Oktoba ndio waliofidia tofauti kwa mifuko yao.

Halafu kuna utani wa nauli. "Nikituma nauli utakuja kweli?" Nani hajui hadithi za waliotumiwa nauli wakaila na kuzima simu? Mwenzangu wa kiume akiulizwa hivyo anacheka, yanaisha. Mimi naulizwa saa tano usiku, na kikatuni cha kukonyeza pembeni, na mtu ambaye mchana tulikuwa tunaongea habari za taa na idadi ya picha. Nilishaacha kucheka. Huwa naandika: "Mkuu, wala usitume. Nikatie tiketi moja kwa moja, jina langu na namba ya kitambulisho hizi hapa." Tiketi za mabasi na za treni siku hizi ni za mtandao, mtu anakata akiwa kitandani kwake. Tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, daraja la kawaida wakati huo likiwa shilingi 31,000, kazi za Dodoma zimekuwa nyepesi kuliko zote kwenye jambo hili: anakata, ananitumia, namba ya behewa naiona, basi. Wa utani hujulikana hapo hapo, maana hujibu kimya.

Malazi nayo yana mtihani wake. "Usihangaike na gesti mwanangu, kwetu kuna chumba." Ukarimu wa kweli, na anayesema mara nyingi ni mama mwenye shughuli, huwezi kumjibu kavu. Humwambia, "Ahsante sana mama, ila mimi usiku nachaji betri na kuhamisha picha mpaka alfajiri, nitawanyima usingizi." Ni kweli, nahamisha picha. Sababu nyingine namwachia azijue mwenyewe, na akina mama wengi huzijua, kwa sababu huwa hawarudii.

Mashirika na makampuni ni habari nyingine. Nauli wanayo. Wasichokuwa nacho ni haraka. Unaambiwa uende kwa fedha zako, utunze risiti, urudi udai. Yaani mimi wa chumba na sebule namkopesha mtu anayetembea na V8, bila riba, na tarehe ya kulipa anaipanga yeye. Mfanyakazi wao akisafiri anapewa masurufu, yaani fedha za safari, kabla hajatoka ofisini, halafu akirudi anayafanyia marejesho. Nami huomba utaratibu huo huo, kwa maneno hayo hayo ya kwao, kwa sababu ukisema "naomba kianzio" wanakuona mwenye shida, ukisema "masurufu" wanakuona mwenye uzoefu.

Nakumbuka mhasibu mmoja aliyetaka risiti ya bodaboda, shilingi 3,000, kutoka stesheni ya Dodoma hadi hotelini. Bahati nzuri nilikuwa nimeambiwa mapema. Nilichana karatasi, kijana akaiweka juu ya tangi la pikipiki, akaandika taratibu: "Nimepokea elfu tatu kwa kumpeleka dada na mizigo yake." Akaweka jina, namba ya simu, na saini ndefu yenye mikia miwili. Alipomaliza akaniuliza, "Dada, hii haiendi mahakamani?" Mhasibu aliikataa. Haina muhuri. Muhuri wa bodaboda! Tangu hapo kwenye profoma za mashirika kuna kipengele cha "usafiri wa ndani ya mji", kiasi kimoja kwa siku, nikipanda bajaji au nikitembea kwa miguu ni shauri langu.

Kwa mashirika nafanya kinyume cha harusi: usafiri nautenga na ada. Kisa ni kodi ya zuio. Mlipaji hukata asilimia 5 ya ada ya huduma na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Ukiandika shilingi 1,000,000 kwa mkupuo, anakata 50,000, hata kama ndani yake kuna 200,000 iliyoishia kwenye tiketi na gesti. Ada ikisimama peke yake kwenye 800,000, anakata 40,000. Wakikata tiketi wao wenyewe ndiyo nzuri zaidi, haipiti kwenye ankara yangu kabisa. Na cheti cha makato nakidai siku ile ile, maana baada ya mwezi aliyekiandaa atakuwa likizo.

Siku ya safari yenyewe? Kwenda Mbeya kwa basi ni siku nzima, na siku hiyo siwezi kushika kazi nyingine. Makampuni nawatoza nusu ya ada ya siku. Harusi siwatozi, nilijaribu, nikaonekana nina roho mbaya.

Wiki hii limenijia jipya. Kampuni imenikatia tiketi ya Arusha kwenda na kurudi, na siku inayofuata nimepata send-off Moshi, kilomita themanini tu hivi kutoka pale. Je, kamati ya Moshi niwape bei yenye usafiri wa kutoka Dar, kama profoma yangu inavyosema? Rafiki yangu mmoja anasema nisijitese, kila mteja alipe safari yake. Nimewaandikia Moshi bei yenye Arusha hadi Moshi pekee na usiku mmoja wa gesti, na kampuni nimewaomba wasogeze tarehe ya kurudi, gharama ya kubadilisha tiketi juu yangu. Wamekubali. Mweka hazina wa Moshi naye amejibu jana: bei ni nzuri, ila anauliza kama siwezi kupunguza kidogo, si nipo hukohuko tayari?